Kwa nini Vigo haitoki Japani

Ukitaka kujua Hilux, pikapu ya Toyota, imezaliwa wapi, usimuulize muuzaji. Piga magoti upande wa kulia karibu na tairi la mbele, futa tope kwenye fremu kwa kitambaa chenye dizeli, utaikuta namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma. Ikianza na MR0, gari limetengenezwa Thailand. Ikianza na AHT, limetoka Durban, Afrika Kusini. Ya Argentina huanza na 8AJ, ila hizo huku kwetu hazionekani kwa sababu usukani wake uko kushoto.

Kusoma namba hizo nilifundishwa na fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, siku nilipomsindikiza ndugu yangu kukagua Vigo, yaani Hilux ya kizazi kilichoanza 2004, ya dabo kabini, iliyoletwa kama mtumba kutoka Uingereza. Ndugu yangu alikuwa ameshairidhia kabla hata boneti haijafunguliwa. "Hii ya Ulaya, fundi, si hizi za kawaida." Fundi hakubishana naye. Alifuta tope, akawasha tochi ya simu, akasoma herufi moja moja: A, H, T. "Hii ya Sauzi, kaka. Walipakia meli pale Durban ikapelekwa Uingereza, imetumika huko mpaka wamechoka nayo, ndiyo imeletwa kwetu."

Durban na Dar es Salaam ziko pwani moja, bahari moja. Gari lile lilikuwa limeizunguka Afrika yote na kuvuka hadi Ulaya, likatumika miaka kadhaa, ndipo likafika kwa mnunuzi ambaye angeweza kulipata likiwa jipya kwa safari fupi tu ya meli. Nilirudi nyumbani nikilifikiria jambo hilo, na kadiri nilivyofuatilia ndivyo nilivyoona kwamba jibu lake liko katika uamuzi mmoja wa Toyota wa miaka ya mwanzo ya 2000. Uamuzi huo kiwandani huitwa IMV, herufi za Kiingereza zenye maana ya gari bunifu la kimataifa la matumizi mengi. Kwangu mimi huo ndio mkakati wa modeli uliofanikiwa kuliko yote katika biashara ya pikapu duniani, na ndio unaoeleza vizuri kwa nini sisi Afrika Mashariki tumesimama pale tulipo.

Hilux ya kwanza ilitoka Machi 1968, ikitengenezwa na Hino kwa niaba ya Toyota. Kwa zaidi ya miaka thelathini utaratibu ulikuwa ule ule: gari linabuniwa Japani, linatengenezwa Japani, kisha viwanda vya nje vinapelekewa vipande viunganishe. Pembeni ya Hilux kulikuwa na magari mengine yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo. Indonesia walikuwa na Kijang tangu 1977, Ufilipino Tamaraw, India Qualis, Afrika Kusini Condor. Yalikuwa ndugu, lakini kila moja lililelewa kwao. Viwanda vyao vilikuwa vidogo, na kiwanda kidogo cha magari ni mzigo: mashine za kukandamiza bati, zile fomu kubwa za chuma zinazotoa milango na bodi, zina gharama ile ile uzalishe magari elfu tano au laki mbili.

Mambo mawili yalitokea miaka ya 1990. La kwanza ni Marekani. Mwaka 1995 Toyota iliwapa Wamarekani pikapu yao wenyewe, Tacoma, kubwa zaidi na laini zaidi, na Hilux ikaondolewa katika soko lile. Tangu hapo Hilux haikuwa na mteja tajiri wa kumbembeleza. Wateja wake waliobaki walikuwa mkulima wa Thailand, mchimba madini wa Australia, shirika la misaada lililoko Sudan, mfugaji wa Argentina. La pili ni Thailand yenyewe. Nchi ile ilikuwa imezipa pikapu za tani moja unafuu mkubwa wa kodi, kwa hiyo Mthai wa kawaida gari lake la familia ni pikapu. Kisha tarehe 2 Julai 1997 sarafu ya baht iliachiwa ielee, ikaanguka, na uchumi ukaanguka nayo. Mwaka 1996 Thailand ilikuwa imeuza magari karibu 589,000. Mwaka 1998 yaliuzwa takriban 144,000. Viwanda vikubwa, vipya, vyenye wafanyakazi waliofundishwa, vikakosa kazi. Njia pekee ya kuvifufua ilikuwa kuuza nje, na baht iliyoporomoka ilifanya bei za Thailand ziwe nafuu kwa kila mnunuzi wa nje.

Hapo ndipo Toyota ilipochukua hatua ambayo naiona nzito kuliko zote katika kisa hiki. Ilichukua fremu moja mpya, ikaamua itabeba magari matano: Hilux ya aina tatu, yaani singo kabini, ile yenye kabini iliyorefushwa kidogo, na dabo kabini; kisha Fortuner, gari la familia lenye miguu ya pikapu; na Innova, mrithi wa Kijang. Mkuu wa uhandisi wa mradi alikuwa Kaoru Hosokawa. Hilux ilizinduliwa Thailand Agosti 2004 kwa jina la Vigo, Innova ikafuata Indonesia, na Fortuner baada yake. Na Japani? Japani hawakupewa. Mauzo ya Hilux katika nchi yake ya kuzaliwa yalisimamishwa mwaka huo huo wa 2004, na hayakurudi hadi 2017, tena kwa magari yanayotoka Thailand.

Hili ndilo jibu kwa wote wanaozunguka kwenye minada ya Japani mtandaoni wakitafuta Vigo na kuishia kuona Hilux Surf. Haipo kwa sababu haikuuzwa huko. Ndiyo maana madalali wetu wa Dar na Mombasa walijifunza njia ya Bangkok: Thailand nao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia.

Ugumu wa uamuzi ule unaonekana zaidi ukiutazama kwa jicho la mtu aliyekaa makao makuu. Kampuni za magari hupenda kuwa na kiwanda mama nyumbani. Kiwanda hicho kikikosea, wahandisi wako jirani na wanafika siku hiyo hiyo. Wafanyakazi wa nje wakikwama, huja kujifunza hapo. Toyota yenyewe ndivyo ilivyokua. Kwa IMV iliamua gari litakuwa na vituo vinne vikuu, Thailand, Indonesia, Afrika Kusini na Argentina, na hata kimoja hakiko Japani. Injini za dizeli zilitoka Thailand. Za petroli zilitoka Indonesia. Giaboksi za mkono zilitoka Ufilipino na India. Lengo lilikuwa magari 500,000 kwa mwaka, na hadi kufikia 2012 mauzo ya jumla ya familia hii yalikuwa yamepita milioni tano.

Kwa nini vituo hivyo vinne na si vingine? Kila kimoja kina sababu yake, na sababu hizo zina uzito kuliko sifa za gari lenyewe. Nchi za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, zilikuwa zimekubaliana kushusha ushuru baina yao hadi kati ya sifuri na asilimia tano kwa bidhaa nyingi, hivyo injini ya Jakarta na giaboksi ya Manila zingeweza kukutana Bangkok bila kuliwa na forodha. Argentina ilikuwa na kiwanda cha Zárate kilichofunguliwa 1997, na mlango wa kuingilia Brazil kupitia Mercosur, soko la pamoja la Amerika Kusini. Afrika Kusini ilikuwa na mpango wa serikali ulioanza 1995, ambao namna yake ya kufanya kazi inastahili kueleweka na kila mchumi wetu. Kiwanda kilichouza magari nje kilipata stahiki ya kupunguziwa ushuru kwa kile kilichoingiza. Maana yake, Toyota ikitengeneza Hilux Durban na kuipeleka Ulaya, inapata nafuu ya kuingiza magari madogo ambayo haiyatengenezi Afrika Kusini. Badala ya kukusanya modeli nane kwa vipande vidogo vidogo, kiwanda kinachagua modeli chache na kuzitengeneza kwa wingi. Bila mpango ule, AHT isingeonekana barabara za Uingereza, na ndugu yangu asingekuwa na Vigo ya kukagua.

Wapinzani hawakulala. Isuzu na General Motors walikuwa wametangulia, maana pikapu ya Isuzu, D-Max, ilizaliwa Thailand 2002 na pacha wake akawa Chevrolet Colorado. Kwa karatasi walikuwa na kila kitu Toyota ilichokuwa nacho: fremu moja, Thailand, Afrika Kusini, Amerika Kusini. Kilichowakwamisha ni kwamba nyumba ile ilikuwa na mabwana wawili. GM ilikuwa ikipigania uhai wake Marekani, na kila mahesabu yalipobana ilitazama ni soko gani la mbali liachwe. Mwaka 2016 wakaacha kubuni pikapu pamoja. Mwaka 2017 GM ikajiondoa Afrika Kusini, na mwaka huo huo ikauza hisa zake za Nairobi kwa Isuzu, ndiyo maana iliyokuwa General Motors East Africa leo ni Isuzu East Africa. Mwaka 2020 ikaaga Thailand. Kiwanda chake cha Rayong kilichukuliwa na Great Wall ya China, jambo ambalo nitalirudia. Kwa hesabu za kila robo mwaka huenda GM walikuwa sahihi. Lakini mteja wa pikapu hununua ahadi ya spea kwa miaka ishirini, na ahadi hiyo huwezi kuitoa huku umeshika mkoba wa safari.

Mercedes nao walijaribu, kwa njia fupi zaidi. Julai 2017 walizindua X-Class, wakachagua Cape Town kuwa mahali pa sherehe. Chini ya nyota ile kulikuwa na mifupa ya Nissan Navara, na gari likiundwa katika kiwanda cha Nissan cha Barcelona. Mwenye pesa za Mercedes aliona analipia Navara. Mwenye kuhitaji pikapu ya kazi aliona analipia nyota. Mei 2020 uzalishaji ukakoma. Walikuwa wameazima fremu bila kujenga soko la kuibeba.

Ford ndio waliojifunza kweli. Ranger ya 2011 ilibuniwa Australia, ikatengenezwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina, yaani karibu ramani ile ile ya Toyota, na walikaa nayo bila kuyumba. Mwaka 2023 Ranger iliiondoa Hilux katika nafasi ya gari linalouzwa kuliko yote Australia, nafasi ambayo Hilux ilikuwa imeishika miaka saba mfululizo. Na Ford walipata hata mpangaji: Amarok mpya ya Volkswagen inatumia mifupa ya Ranger na kutengenezwa katika kiwanda cha Ford cha Silverton, Pretoria.

Mfumo wa IMV una bei yake, na wanaousifu mara nyingi huiruka. Ukizifunga nchi kumi kwa kamba moja, mmoja akianguka wote wanavutwa. Oktoba 2011 mafuriko yalizamisha maeneo ya viwanda kaskazini mwa Bangkok. Viwanda vya Toyota vyenyewe havikuingia maji. Waliozama walikuwa watengenezaji wa vipuri vidogo, na Toyota ikasimama Thailand kwa zaidi ya mwezi, huku athari zikifika hadi mistari ya Indonesia, Ufilipino na Afrika Kusini. Aprili 2022 ikawa zamu ya Durban. Mvua za KwaZulu-Natal ziliua watu zaidi ya 400, na maji yakakijaza kiwanda cha Toyota kilichoko Prospecton. Magari zaidi ya 4,000 yalihesabiwa kuwa hasara, na mitambo ikachukua miezi kufufuliwa. Katika miezi hiyo aliyekuwa ameagiza Hilux mpya katika nchi jirani alijua maana ya kutegemea kiwanda kimoja.

Januari 2024 uliibuka udhaifu wa aina nyingine. Ilibainika kwamba kampuni dada, Toyota Industries, ilikuwa na kasoro katika vipimo vya nguvu za injini za dizeli wakati wa kuombea vibali. Injini zilizohusika zilikuwa za aina tatu tu, lakini kwa sababu zinashirikiwa, Toyota ililazimika kusitisha kwa muda kupeleka sokoni modeli kumi, ikiwemo Hilux, Fortuner, Innova na Land Cruiser 300. Kosa la chumba kimoja cha vipimo likagusa wateja wa mabara yote. Ule uwingi ambao unashusha bei ndio pia unaosambaza kosa, na sioni namna ya kuutenganisha.

Turudi kwetu. Afrika Mashariki iko wapi katika ramani hii? Nimejiuliza swali hili kwa uchungu, kwa sababu hatukuanza mikono mitupu. Kibaha palikuwa na TAMCO iliyounganisha malori ya Scania, na jirani yake jeshi lilibuni lori la Nyumbu. Mombasa bado wanaunganisha Land Cruiser za pikapu. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu ulikuwa asilimia 25 kwa gari lililokamilika na sifuri kwa linaloletwa vipande, kwa hiyo ukisoma sheria tu utadhani kila kitu kinaita viwanda vije. Lakini hesabu za IMV hazianzi na ushuru, zinaanza na idadi. Kenya, soko kubwa kuliko yote ya eneo letu kwa magari mapya, kwa miaka mingi imeuza kati ya elfu kumi na elfu ishirini kwa mwaka, chapa zote zikijumlishwa, malori yakiwemo. Afrika Kusini huuza zaidi ya laki nne au tano. Mkuu wa mradi aliyekaa na karatasi hizo mbili mwaka 2002 hakuhitaji kufikiri sana. Na kila mtumba unaoshushwa bandarini, hata ule uliotengenezwa Durban, hupunguza mmoja kwenye idadi ile.

Simlaumu anayenunua mtumba. Ndugu yangu ana duka la vifaa vya ujenzi na hana milioni za Hilux ya dukani. Ninachosema ni kwamba Thailand iliwapa wananchi wake sababu ya kodi ya kununua pikapu mpya za nyumbani miaka mingi kabla Toyota haijaichagua. Wateja walikuwepo ndipo kiwanda kikapanuka. Sisi tumekuwa tukiandaa masharti ya kiwanda na kumsahau mteja wake, hasa mkopo. Mkulima wa Thailand hukopeshwa pikapu na kuilipa kwa miaka. Mwenye duka wa Buguruni huombwa taslimu au hati ya nyumba.

Hata hivyo Thailand yenyewe imeanza kuona upande wa pili wa mkopo. Madeni ya kaya yalipokaribia asilimia 90 ya pato la taifa, benki zilikaza, na mauzo ya pikapu yakaporomoka mwaka 2023 na 2024. Wakati huo huo Wachina wamehamia mtaa ule ule. Great Wall wako katika kiwanda kilichokuwa cha GM, na BYD walifungua chao Rayong Julai 2024. Miezi miwili kabla, BYD walikuwa wamezindua Mexico pikapu yao ya Shark, yenye injini ya petroli na betri ya kuchaji, na sasa inauzwa Australia na Afrika Kusini, masoko ambayo Hilux iliyahesabu kuwa shamba lake.

Toyota imejibu kwa ncha mbili. Novemba 2025 ilizindua Thailand Hilux ya kizazi cha tisa, safari hii ikiwa na toleo la umeme. Jibu linalonivutia zaidi ni la chini kabisa ya ngazi. Novemba 2023 ilitoka Hilux Champ, kwa bei ya kuanzia baht 459,000, gari lililovuliwa kila kisicho cha lazima. Nyuma yake ni jukwaa bapa lenye matundu ya boliti yaliyopangwa tayari, ili fundi wa mtaani afunge bodi yoyote: friji la samaki, jiko la mama lishe, kizimba cha kuku, gari la wagonjwa. Mwezi mmoja kabla yake, kwenye maonyesho ya Tokyo, walikuwa wameonyesha wazo lililokwenda mbele zaidi kwa jina la IMV Origin: gari liondoke kiwandani likiwa halijakamilika, lipelekwe sehemu kama Afrika, na wanaolipokea ndio waliunganishe na kulimalizia wenyewe.

Siku ile ya Vigo, wakati ndugu yangu akibishana bei na dalali, nilisogea karakana ya tatu kutoka pale kwa fundi wetu. Vijana wanne walikuwa wakichomelea bodi ya pikapu kwa engo na bati, mmoja amechora vipimo kwa chaki kwenye sakafu ya saruji. Nilimuuliza mkubwa wao wanamaliza bodi moja kwa siku ngapi. "Tukipata chuma asubuhi, keshokutwa jioni unaondoka nayo." Nikamuuliza wanapata kazi ngapi kwa mwezi. Akazima mashine, akavua miwani, akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole cha mwisho hakukitumia.